Saksofoni ya Andes na Beni ya Katanga: Ala ya Kigeni Huwa ya Mapokeo Lini?

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza katika sikukuu ya kijiji kimojawapo cha Bonde la Mantaro, katika milima ya Andes ya Peru, huku akitumaini kusikia filimbi za mianzi na vingoma vidogo vya ngozi, hukutana na jambo asilolitarajia. Kundi linalowachezesha watu lina kinubi, lina fidla moja au mbili, pengine na klarineti. Lakini ala inayoibeba sikukuu ni saksofoni. Ziko nyembamba na ziko nene, nyingine zikishika sauti ya juu na nyingine ya chini, zote zikiupuliza wimbo mmoja kwa nguvu inayovuka uwanja na kufika kwenye mashamba. Wenyeji huliita kundi hilo orkesta ya kienyeji. Hawaoni ajabu yoyote katika jina hilo. Kwao saksofoni ni ala ya kwao, na sikukuu isiyo nayo ni sikukuu iliyopungukiwa.

Habari hii ya mbali inaihusu Katanga kuliko inavyodhaniwa. Bonde la Mantaro na ukanda unaounganisha Lubumbashi, Likasi na Kambove viliingizwa katika uchumi wa dunia na madini yale yale, na karibu wakati mmoja. Kampuni ya Cerro de Pasco, iliyochimba shaba juu ya bonde hilo kwa mtaji wa New York, ilianzishwa mwaka 1902. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli ilifika Huancayo, mji mkuu wa bonde, mwaka 1908. Ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Tanuri kubwa la La Oroya liliwashwa mwaka 1922. Kiwanda cha Shituru pale Likasi kilianza kazi mwaka 1929. Huku na huko vijana wa vijijini walikwenda kwenye migodi, wakapokea ujira wa fedha taslimu, na wakazisikia ala za kupuliza za Ulaya. Hata hivyo matokeo hayakufanana. Kule Andes saksofoni iliingia ndani kabisa ya sikukuu za mavuno na za mifugo. Huku Katanga tarumbeta na ndugu zake zilikuja na jeshi, na misheni, na ngoma ya beni, lakini ala ambayo wafanyakazi wa migodi waliifanya yao ni gitaa.

Makala haya yanauliza sababu ya tofauti hiyo. Jibu linalotolewa ni kwamba asili ya ala ina uzito mdogo sana katika jambo hili. Lenye uzito ni nani aliyeimiliki ala, nani aliyelipa, na sikukuu ipi iliyokuwa imekwisha kuiandalia kazi.

Shaba na jina lake

Saksofoni yenyewe ni ala changa, na haikuzaliwa mbali na historia ya Kongo. Aliyeibuni, Adolphe Sax, alizaliwa mwaka 1814 katika mji wa Dinant, ambao leo uko Ubelgiji. Mji huo ulisifika tangu Enzi za Kati kwa mafundi wake wa vyombo vya shaba. Alipata hataza ya ala yake mjini Paris mwaka 1846. Nia yake ilikuwa kuzipatia bendi za kijeshi ala yenye wepesi wa klarineti na nguvu ya tarumbeta, inayoweza kusikika nje, penye upepo na vumbi. Kwa hiyo saksofoni haikuwa ala ya ukumbini tangu mwanzo wake. Ilitengenezwa kwa ajili ya uwanja, na jambo hili linaeleza kwa sehemu jinsi ilivyofaa baadaye katika viwanja vingi ambavyo mbunifu wake hakuvifikiria.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye neno. Kiswahili kina neno moja, shaba, kwa madini mawili, na huyatenganisha kwa rangi: shaba nyekundu, inayochimbwa Katanga, na shaba nyeupe, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki na ndiyo inayotengenezewa tarumbeta na saksofoni. Kiarabu, ambako neno hilo lilitoka, kililitumia kwa ile ya pili. Waswahili wakalipanua hadi likashika yote mawili, na mwaka 1971 likawa jina la mkoa mzima, likadumu hadi 1997. Mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, umetoa shaba nyekundu na zinki vilevile, kwa hiyo vyote vinavyohitajika ili kupata shaba nyeupe vimo katika ardhi hiyo moja. Vilichimbwa na watu wa Katanga, vikapelekwa ng'ambo vikiwa mali ghafi, na wachimbaji wakaja kuiona shaba nyeupe ikiwa imekwisha kuwa tarumbeta mkononi mwa askari.

Bonde lenye mashamba yake

Ni lazima kwanza kuieleza vizuri hali ya Mantaro, kwa maana bila hiyo ulinganishi huu hausimami. Bonde hilo, lililoko zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, lilitofautiana na sehemu nyingi za Andes kwa kuwa wakulima wake walibaki na mashamba yao. Mabwana wakubwa wa ardhi hawakulimeza. Kijana aliyekwenda La Oroya au Cerro de Pasco hakuhama. Alikwenda kutafuta fedha na akarudi wakati wa kupanda, wakati wa kuvuna, na hasa wakati wa sikukuu. Na sikukuu za huko huwa na mdhamini. Mtu mmoja, au mke na mume, huchukua jukumu la mwaka huo: chakula, vinywaji, na kundi la wapigaji. Heshima ya nyumba hupimwa kwa kundi lililokodiwa. Ujira wa mgodini ukageuzwa muziki kwa njia hiyo, na wapigaji wakapata soko lisilokauka, kwani vijiji vilikuwa vingi na kalenda ya watakatifu ni ndefu.

Kabla ya hapo kundi lilikuwa la kinubi na fidla. Klarineti iliingia katika miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini, na saksofoni ikafuata katika miaka ya 1940. Raúl Romero, mtaalamu wa muziki aliyelichunguza bonde hilo kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba kuingia huko hakukupita bila ugomvi. Wako waliosema kwamba mapokeo yanaharibiwa, kwamba saksofoni inaimeza fidla, kwamba orkesta halisi ni ile ya zamani. Wenye kuhuzunikia kinubi na fidla hawakukosea kuhuzunika, lakini hoja yao ilikuwa na kasoro: kinubi na fidla vililetwa na Wahispania. Ala za wenyeji kabla ya ushindi wa Wahispania zilikuwa nyingine, miongoni mwake filimbi na kile kingoma kidogo kiitwacho tinya. Waliokuwa wakiilinda fidla dhidi ya saksofoni walikuwa wakimlinda mgeni wa jana dhidi ya mgeni wa leo.

Saksofoni ilishinda kwa sababu ilifanya kazi iliyokuwapo. Nyimbo zenyewe hazikubadilishwa ili ziifuate. Yenyewe ndiyo iliyojifunza nyimbo za mavuno na za kuwatia mifugo alama, ikazipiga kwa sauti ambayo fidla haikuiweza. Rekodi na redio zilipozichukua sauti hizo kuzipeleka Lima katika miaka ya 1950, pamoja na waimbaji kama yule aliyejulikana kwa jina la Picaflor de los Andes, wahamiaji wa bonde waliokuwa mjini waliisikia saksofoni wakakumbuka nyumbani. Katika muda wa kizazi kimoja ala ya Ubelgiji ilikuwa imekuwa sauti ya kuwakumbusha watu kijiji chao.

Beni kutoka pwani hadi bara

Upande wa Afrika ya Mashariki hadithi inaanza pwani, na inaanza mapema zaidi. Katika miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, vijana walianza kucheza ngoma iliyofuata gwaride na bendi za kijeshi, wakaiita beni, kutokana na neno la Kiingereza la bendi. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameifuata ngoma hiyo kutoka mji hadi mji. Ilikuwa ngoma ya mashindano: upande mmoja dhidi ya mwingine, kila upande na wafalme wake, majenerali wake, madaktari wake na sare zake. Katika bara la Tanganyika majina yaliyoenea yalikuwa Marini na Arinoti. Wanachama waliuguzana, wakazikana, wakakopeshana, na walipohamia mji mwingine walikuta ndugu wa chama chao wakiwangoja. Na lugha yao ilikuwa Kiswahili.

Watafiti wengi wa zamani waliitazama beni kama mwigo, tena mwigo wa kuchekesha. Mtazamo huo haufai, na sababu moja ya kuukataa iko pwani kwenyewe. Watu wa Lamu na Pate hawakungoja Wazungu ili wajue kupuliza chombo kikubwa katika arusi. Walikuwa na siwa, ya Pate ikiwa ya pembe ya ndovu na ya Lamu ikiwa ya shaba, na siwa haikupulizwa ovyo. Ilikuwa chombo cha utawala na cha koo za waungwana, na nyumba isiyokuwa na nasaba haikuipata kwa ajili ya harusi yake. Tarumbeta za beni zilipokuja, zilikuta kazi ya kutangaza heshima kwa sauti imekwisha kuwapo, ila imefungiwa. Tarumbeta ilinunuliwa dukani. Mtu asiyekuwa na haki ya siwa aliweza kupuliza shaba mbele ya nyumba ya bibi arusi, na majirani wakasikia. Hapa kuna mfanano na Mantaro unaostahili kuangaliwa: ala ngeni ilishika mizizi pale ilipokuta sikukuu inayoingoja na watu wenye fedha na hamu ya kuilipia.

Beni ilipoingia bara ilibadilika. Tarumbeta zilikuwa ghali, na mafundi wa kuzitengeneza walikuwa mbali. Kando ya Ziwa Nyasa, katika ngoma zilizotokana na beni kama malipenga ya Malawi na mganda wa kusini mwa Tanzania, vibuyu vilivyowekewa utando wa buibui vilichukua nafasi ya shaba. Mchezaji huimba ndani ya kibuyu, na utando unatikisika ukaifanya sauti yake ikwaruze kama ya tarumbeta. Gwaride likabaki, vyeo vikabaki, shaba ikatoweka. Kule Luanshya, katika Rodesia ya Kaskazini, Clyde Mitchell aliikuta mwaka 1951 ngoma ya kalela, mtoto mwingine wa ukoo huo: wachezaji, wengi wao Wabisa, wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, wana mfalme wao na daktari wao, na ngoma zao ni mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Tarumbeta hakuna.

Wafanyakazi wa Rodesia ya Kaskazini na Nyasaland walikuwa sehemu kubwa ya watu wa migodi ya Katanga katika miaka ya mwanzo, na pamoja nao beni, au mbeni kama ilivyotamkwa huko, ilivuka mpaka. Katika miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha kujulikana Elisabethville. Yumkini askari wa Force Publique pia waliichangia njia hiyo, maana waliiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916 na kukaa katika nchi ambayo beni ilikuwa imekwisha kuienea. Watawala hawakuipenda. Chama chenye majenerali weusi, chenye matawi katika miji mingi, na chenye kuandikiana barua kwa lugha ambayo si ya kabila lolote, kilionekana kuwa hatari hata kama wanachama wake walikuwa wakicheza tu siku ya Jumapili. Baada ya mgomo wa migodi ya Rodesia ya Kaskazini mwaka 1935, ambao wafanyakazi sita waliuawa Luanshya, tume ya uchunguzi iliihoji mbeni kana kwamba ngoma ndiyo iliyogoma.

Likasi: nani mwenye tarumbeta?

Ndipo swali linarudi Likasi. Mji huu ulikua kando ya machimbo na viwanda vya Union Minière, ukapewa mwaka 1931 jina la Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa kampuni, na ukarudishiwa jina lake mwaka 1966. Sauti za kupuliza hazikukosekana katika miji kama huo. Jeshi lilikuwa na bendi. Misheni zilikuwa na fanfari, neno ambalo Kiswahili cha Katanga kilichukua kutoka Kifaransa wakati Kiswahili cha pwani kilikuwa kimekwisha kuchukua tarumbeta kutoka Kireno. Tofauti ya maneno hayo mawili inabeba historia. Tarumbeta ni jina la kitu, na kitu huweza kuwa cha mtu. Fanfari ni jina la kundi, na kundi hilo lilikuwa na mkubwa wake, saa zake za mazoezi, na kabati ambalo ufunguo wake haukuwa mkononi mwa mpigaji. Kijana aliyejifunza klarineti kwa mapadri aliirudisha jioni.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha pia utaratibu wa kazi. Badala ya wanaume wa muda mfupi, ilitaka wafanyakazi wa kudumu: mikataba ya miaka mitatu, mke kambini, watoto shuleni kwa mapadri, zahanati, posho ya unga. Mengi yameandikwa kuhusu siasa hiyo, mazuri na mabaya. Kwa somo hili jambo moja latosha. Mchimbaji wa La Oroya alirudi na fedha zake katika sikukuu ya kijiji. Mchimbaji wa Likasi alitengwa na kijiji na kalenda yake. Mavuno yalipita, yeye akiwa kambini. Mji haukuwa na mdhamini wa sikukuu, maana aliyesimamia uwanja, siku ya mapumziko na saa ya kuzima taa alikuwa mwajiri. Fedha zilikuwapo, na hamu ilikuwapo. Kilichokosekana ni sherehe ya watu wenyewe iliyokuwa kubwa kiasi cha kuhitaji kundi la wapulizaji ishirini na kuweza kuwalipa.

Gitaa lilijibu hali hiyo. Lilinunuliwa na mtu mmoja kwa mshahara wake, likalala chini ya kitanda chake, na halikumhitaji kiongozi. Lilitosha katika chumba cha kambi, penye pombe ya jioni, penye harusi ndogo ya ua. Mwenzake mmoja akigonga au kukwaruza chupa tupu ya soda, muziki ulikuwa umekamilika. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipopita Jadotville na vyombo vyake vya kurekodi, alimkuta kijana wa miaka ishirini na kitu, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, akipiga kwa kidole gumba na cha shahada sauti mbili zinazofukuzana. Rekodi yake ya «Masanga» iliyotokana na safari hiyo ilizunguka Afrika, na mwanamuziki David Rycroft aliandika uchambuzi wa noti kwa noti wa upigaji wake. Yeye na Edouard Masengo walifika hadi Nairobi, na vijana wa Kenya wakajifunza kutoka kwao.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Tracey alikuwa ametumia maisha yake kuziokoa ala za kale zisipotee mbele ya magitaa, na rekodi aliyojulikana nayo sana ni ya gitaa. Inafaa kumsifu kwa kuwa sikio lake lilishinda nadharia yake. Wachambuzi wamezungumzia ukaribu uliopo kati ya upigaji huo wa vidole viwili na upigaji wa likembe, ambayo nayo huchezwa kwa vidole vichache vinavyoshindana. Ikiwa hivyo ndivyo, Mwenda alifanya na gitaa kile ambacho watu wa Mantaro walifanya na saksofoni: aliipa ala mpya kazi ya zamani. Na Bunkeya anakotoka si mahali pasipo historia ya njia ndefu. Ulikuwa mji wa Msiri, aliyetoka Usumbwa katika Tanzania ya leo, na wafanyabiashara wa pwani walifika huko kabla ya Msiri kuuawa mwezi wa Desemba 1891. Njia aliyoipitia babu ndiyo, kwa kiasi fulani, iliyoupitisha wimbo wa mjukuu kurudi mashariki.

Shaba ilikobaki

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba pengine Wakongo hawakuzipenda tu ala za kupuliza. Historia inamkatalia. Kanisa la Kimbangu, lililotambuliwa na serikali mwaka 1959, lina fanfari mashuhuri katika nchi nzima, na hakuna muumini anayeziona kuwa za kigeni. Simon Kimbangu mwenyewe alifungwa Elisabethville tangu 1921 hadi alipofariki humo tarehe 12 Oktoba 1951. Jeshi lenye tarumbeta ndilo lililowahamisha wafuasi wake. Wao wakazichukua tarumbeta. Walizinunua kwa michango yao, kwa desturi yao ya makundi kushindana kutoa, ambayo huitwa nsinsani. Wana sikukuu zao, wana viwanja vyao, wana gwaride lao, na kabati la ala ni lao. Masharti yote yaliyokosekana kambini yamo humo, na shaba imebaki.

Saksofoni ya dansi ilifuata njia nyingine. Katika Kinshasa ya miaka ya 1960 Verckys Kiamuangana aliifanya kuwa mwimbaji wa pili ndani ya OK Jazz, na vikundi vya Katanga havikubaki nyuma. Baba Gaston, aliyetoka Katanga, alikwenda na orkesta yake Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 na baadaye Nairobi, ambako baadhi ya wapigaji wake walijitenga mwaka 1976 na kuunda Les Mangelepa, kundi lililopendwa kwa sauti za wapulizaji wake. Wapenzi wa dansi wa Tanzania waliipa saksofoni jina la mdomo wa bata, kwa umbo lake. Ala ikipewa jina la utani, kwa kawaida imekwisha kuingia nyumbani. Huko huko Dar es Salaam matarumbeta hupanda gari la wazi na kutangulia msafara wa harusi, na Zanzibar beni bado husindikiza maarusi. Anayelipa ni baba wa bibi arusi, au kamati ya harusi. Mdhamini amepatikana.

Likasi na Lubumbashi, kwa upande wao, zilipata karindula: banjo kubwa ambayo tumbo lake ni pipa la mafuta na uso wake ni ngozi ya mbuzi, yenye shingo ndefu ya mti, inayopigwa na vijana katika vilio na sherehe za mitaani. Ni vigumu kuiona bila kukumbuka mapipa ya kalela. Chuma cha mgodi kilichotupwa ndicho kilichokuwa rahisi kupatikana, na hakina kabati wala ufunguo.

Suala la lugha

Mjadala huu si wa muziki peke yake, na ndiyo sababu unastahili nafasi katika kurasa za Kiswahili. Maneno yaliyotumiwa dhidi ya saksofoni ya Mantaro yametumiwa, karibu yale yale, dhidi ya Kiswahili cha Katanga. Kimeitwa Kingwana, kimeitwa lugha ya kambi, kimeitwa lugha isiyo na wazee. Kweli, kililetwa. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986 kuhusu Kiswahili na utawala wa kikoloni katika Kongo, ameonyesha jinsi kampuni na wakuu wa Kibelgiji walivyokiweka kuwa lugha ya kazi, pamoja na mambo mengine ili kupunguza nguvu ya Waingereza wa kusini na lugha yao ya migodini. Lakini lugha iliyowekwa kwa amri ya msimamizi ni jambo moja, na lugha ambayo mama humbembelezea mtoto ni jambo jingine. Safari kutoka ya kwanza hadi ya pili iliendeshwa na watu wa kambi wenyewe. Kiswahili kilikuwa ni ala ya kampuni. Wao wakaichukua kutoka kabatini.

Matokeo ya kuwaona watu hao hawana mapokeo yanaonekana katika yale yaliyohifadhiwa. Wakati wa siasa ya uhalisi iliyotangazwa na serikali ya Mobutu mwaka 1971, ngoma za makabila zilipata majukwaa, kwa kuwa kila moja ilikuwa na jina la kabila na mkoa. Mbeni haikuwa na kabila. Haikuweza kusimama popote katika orodha ya namna hiyo, ingawa wachezaji wake walikuwa mababu wa nusu ya mji. Mitaala mingi bado hugawanya fasihi simulizi kwa makabila, na mwanafunzi wa Likasi anayeulizwa ngoma ya kwao hutaja ngoma ya kijiji alichozaliwa babu yake, kijiji ambacho pengine yeye hakukiona, huku nyimbo za kambi alizosikia kwa bibi yake akiziacha bila kuzitaja.

Mwaka 1965 André Yav, aliyefanya kazi katika nyumba za Wazungu, alikusanya kwa niaba ya wenzake historia ya mji wa Elisabethville, akaiandika kwa Kiswahili cha Katanga kama kilivyosemwa, bila kukisafisha. Fabian aliichapisha mwaka 1990. Ndani yake wafanyakazi wa nyumbani ndio wanaosimulia mwanzo wa mji, mabwana wao na vita vyao. Kitabu hicho sasa husomwa katika vyuo vya nchi za mbali kama chanzo cha historia. Kwa upande wa ngoma za mji, kazi inayolingana na ya Yav ingeanzia Panda na Shituru, kwa wazee wanaokumbuka nani alikuwa mfalme wa upande upi, na kwa nyimbo walizoimba.